Mkono na hesabu za mtambo wa Tegeta

MFANYABIASHARA wa Chole, wilayani Kisarawe, anapotia saini mkataba wa kupeleka muhogo Dar es Salaam huangalia bei, kisha siku ya malipo. Kifungu cha mwisho, kinachosema mgogoro utaamuliwa wapi na kwa sheria ya nani, hukipita. Marehemu Nimrod Mkono alijenga kampuni kubwa ya uwakili kwa kazi inayoanzia kwenye kifungu hicho.

Mzaliwa huyo wa mkoa wa Mara (1943) alihesabu Benki Kuu na Tanesco miongoni mwa wateja wake. Shauri lililompa sifa nje ya mipaka ni la IPTL.

Mei 1995, nchi ikitoka kwenye mgawo mkali wa umeme, Tanesco iliingia mkataba wa miaka 20 kununua megawati 100 kutoka mtambo wa dizeli wa Tegeta. IPTL ilikuwa ya ubia kati ya Mechmar ya Malaysia na VIP Engineering ya hapa nchini. Mkataba ulitaja injini za kasi ndogo. Zilizofungwa ni za kasi ya kati, ambazo ni rahisi zaidi. Bei haikushuka.

Hapo ndipo penye fedha. Tanesco ilitakiwa kulipa tozo ya uwezo kila mwezi, mtambo uwashwe usiwashwe, na tozo hiyo hukokotolewa kutokana na gharama za ujenzi. Kila dola iliyozidi ingelipwa kwa miaka 20.

Mwaka 1998 Tanesco ilifungua shauri katika kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia, Washington. Kampuni ya Mkono ilisimama pamoja na Hunton & Williams ya Marekani. Magazeti yalijaa tuhuma za rushwa, lakini nafuu ilitoka kwenye ankara za ujenzi. Hukumu ya Julai 12, 2001 iliuacha mkataba hai, ila gharama zilizokubaliwa zikashuka hadi kama dola milioni 127. Mtambo ukaanza kuuza umeme mwaka 2002. Si ushindi wa kushangiliwa barabarani, lakini ndio ushindi wa wakili wa aina hii.

Wakazi wa Kibaha wanakumbuka City Water, iliyokabidhiwa maji ya Ruvu mwaka 2003 kwa miaka 10 na kusitishiwa mkataba Mei 2005. Biwater ya Uingereza ilishtaki. Julai 2008 wasuluhishi walisema Serikali ilivunja mkataba wa kulinda wawekezaji, lakini fidia ikawa sifuri, kwa kuwa City Water haikuwa tena na thamani yoyote. Hesabu tena.

IPTL haikuishia hapo. Septemba 2016 Tanesco iliamriwa kuilipa Standard Chartered ya Hong Kong, iliyokuwa imenunua deni la mtambo huo, dola milioni 148.4. Mkono, aliyekuwa mbunge tangu 2000 hadi 2020, alifariki Marekani Aprili 2023.

Kwa mwenye mzigo wa Chole, Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 inaruhusu mgogoro uamuliwe na msuluhishi badala ya mahakama, mradi makubaliano hayo yawe kwa maandishi. Ada ya msuluhishi hulipwa na wenye mgogoro, hivyo kwa gari moja la muhogo haifai. Kwa mkataba wa msimu mzima, inafaa kuulizia ada hiyo kabla ya kutia saini.