Sarafu Yenye Ila na Sarafu Yenye Jeraha

Watu wengi, waonapo katika sarafu jambo wasilolizoea, ama tundu ama herufi zilizojirudia ama ukingo uliomegeka, hudhani wameangukia hazina. Na aghalabu walichoshika ni sarafu ya kawaida, au iliyopata majeraha yake baada ya kutoka kiwandani. Kuzipambanua hakuhitaji bahati, ila kuijua kazi yenyewe ya kufua sarafu, kisha kuuliza dosari ile ingeweza kuingia katika hatua gani.

Kwanza vipande vya duara hukatwa katika bamba refu la madini. Kisha hupitishwa katika mashine ya kubana kingo zao hata zikainuka. Mwisho kila kipande hulazwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, kikapigwa kwa nguvu kuu. Sasa itazame sarafu iliyopungua upande mmoja mfano wa mwezi ulioliwa. Ikiwa kisu cha mashine kiliangukia sehemu ya tundu la kipande kilichotangulia, kipande kipya kilitoka na pengo la tao tangu hapo. Na kilipokwenda kubanwa, penye pengo hapakuwa na madini ya kukabili shinikizo, basi upande wa pili, ulioelekeana na pengo sawasawa, ukingo ukainuka kwa udhaifu au ukafifia kabisa. Si kila sarafu ya kweli huonyesha dalili hii, lakini ionekanapo hunipendeza kuliko zote, kwa kuwa mwenye tupa aweza kukata pengo la kuvutia mno, na asikumbuke kamwe kuugusa upande wa pili.

Herufi zilizojirudia ndizo huwahadaa watu zaidi. Mwaka 1955, mjini Philadelphia katika Marekani, muhuri mmoja wa senti yenye sura ya Lincoln ulichapwa mara mbili wakati wa kutengenezwa kwake, kama ilivyokuwa desturi, ila mara ya pili ulikuwa umezunguka kidogo. Kwa hiyo kila senti iliyopigwa nao ilitoka na tarehe na maandishi mawili mawili, na zaidi ya 20,000 zikaingia mikononi mwa watu. Katika senti hizo taswira zote mbili zimeinuka na kuviringana vyema. Lakini muhuri uliolegea, ukatikisika baada ya kupiga, huiponda herufi iliyokwisha kuumbwa, ikabaki nyembamba, na kando yake kipandio bapa kilicholala chini. Nako huko ni kutikisika kwa mashine tu, wala wajuzi hawakuhesabu pamoja na muhuri wenye chapa mbili.

Yako pia mambo yaliyokusudiwa tangu mwanzo. Senti kumi ya Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni ilikuwa na tundu katikati kwa amri ya walioibuni, hata ile iliyokosa tundu ndiyo yenye ila. Ilhali tundu lililopigwa kwa msumari ili sarafu ivaliwe shingoni hutambulikana kwa madini yaliyosukumwa yakafura upande wa pili. Kadhalika sarafu ya Marekani, ukiigeuza kama ugeuzavyo ukurasa, mgongo wake huwa juu chini, na ndivyo ilivyopangwa.

Ghushi nayo ina hila zake. Mwaka 1943, shaba ikihitajika vitani, Wamarekani walifua senti za chuma kilichopakwa zinki, na chache mno zikapigwa kwa makosa juu ya vipande vya shaba vilivyosalia. Wadanganyifu hupaka shaba senti za chuma, nazo hunaswa na sumaku mara moja. Wengine huichonga nane ya 1948 ikawa tatu, na hiyo hainaswi, kwani ni shaba kweli, wala mizani haitaifichua, maana uzito wake ni ule ule wa gramu 3.11. Hapo hubaki kioo cha kukuzia, na tatu ya senti ya chuma ya mwaka ule ule ikiwekwa kando yake, mkia wake mrefu ukalinganishwa na ule uliochongwa.