KALAMU NA BUNDUKI: POLANDI YA 1765 NA TANZANIA YA 1966

Askari anayefanya doria katika ufuko wa Ziwa Mweru, pale Nchelenge na soko lake la samaki la Kashikishi, hana ukuta wala seng'enge ya kumwonyesha mpaka. Mpaka wa Zambia na Kongo umepita majini, na kisiwa cha Kilwa, ambacho ni cha Zambia, kiko karibu zaidi na ufuko wa Kongo. Hapo bunduki peke yake haitoshi. Mlinzi ni yule awezaye kusoma ramani, kuandika taarifa inayoeleweka, na kusemezana na mvuvi kwa Kibemba na mchuuzi wa ng'ambo kwa Kiswahili.

Basi, ndugu askari, swali lililosumbua mataifa mengi ni hili: mwenye bunduki afundishwe kalamu, au mwenye kalamu afundishwe bunduki?

Mfalme Stanisław August Poniatowski wa Polandi alijaribu jibu lake mwaka 1765. Alifungua mjini Warsaw shule ya makadeti, iliyofundisha hesabu, historia, sheria na lugha pamoja na matumizi ya silaha. Mwaka 1772 majirani watatu, Urusi, Prussia na Austria, walijimegea sehemu ya nchi hiyo. Mwaka uliofuata Bunge likaunda Tume ya Elimu ya Taifa, nayo ikapewa mali ya shirika la Wajesuiti, ambalo Papa alikuwa amelivunja mwaka huo huo. Miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa shule ile alikuwamo Tadeusz Kościuszko, mhandisi wa ngome ya West Point katika vita vya uhuru wa Marekani. Lakini shule ilikuwa ya watoto wa makabaila. Mwaka 1794 Kościuszko alipoinua bendera ya ukombozi, wakulima walimfuata wakiwa na miundu ya kukatia majani. Kambi haikuwa imewafundisha lolote. Mwaka 1795 Polandi ilifutwa katika ramani.

(Wapolandi waliwahi pia kuwa wageni wetu: katika Vita Kuu ya Pili wakimbizi wao waliwekwa Abercorn, ambayo leo ni Mbala, na Tengeru karibu na Arusha, nao wakaendesha shule zao humo humo kambini.)

Tanzania ilikutana na swali hilo kwa uchungu. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi, wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Madai hayo yalikuwa na msingi. Njia waliyoichagua ilikuwa ya aibu, kwani tarehe 25 serikali ililazimika kuwaita Waingereza wale wale waje kuzima uasi. Jeshi lile la kurithi likavunjwa. Jeshi la Wananchi liliundwa tarehe 1 Septemba 1964, na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, lililokuwa limeanzishwa Julai 1963, walikuwa sehemu ya chimbuko lake.

Ikabaki upande wa pili, yaani wasomi. Mwaka 1966 serikali iliamua kwamba wahitimu nao wapite JKT, kisha wafanye kazi miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana, na bango moja likathubutu kusema kwamba afadhali enzi za mkoloni. Rais Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao karibu 400.

Kwa maoni yangu bango lile lilikuwa kasumba tupu. Lakini wanafunzi walisema pia kwamba wakubwa wanaohubiri kujinyima wanapokea mishahara minono, na hilo halikuwa uongo. Mwalimu alilikubali papo hapo, akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na ile ya viongozi wengine wa juu ikafuata. Kamanda anayekaza mkanda wake kabla ya kuwaamuru wengine ni jambo ambalo kila kuruta analielewa bila kufafanuliwa.

Miezi mitano baadaye, Machi 1967, likatoka andiko la Elimu ya Kujitegemea. Shule zikatakiwa kuwa na mashamba na karakana, na elimu ya msingi ikamilike yenyewe, isiwe ngazi tu ya wachache wanaokwenda sekondari. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa chuoni, nao wakavaa sare kama wenzao.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipofika, bega kwa bega na wanajeshi walisimama polisi, askari magereza, JKT na mgambo. Zambia nayo, katika miaka ya 1970, iliwapeleka vijana waliomaliza sekondari katika kambi za Huduma ya Taifa. Gharama zilizilemea nchi zote mbili. Tanzania ilisitisha mafunzo ya lazima mwaka 1994, na mwaka 2013 vijana wa kidato cha sita wakaanza tena kuitwa makambini.