Dirisha lililofungwa laweza kueneza maradhi Isiolo

UPEPO wa kiangazi unapovuma mjini Isiolo na kutifua vumbi, jambo la kwanza ambalo wengi hufanya ni kufunga madirisha. Mwalimu huyafunga darasani, abiria huyafunga ndani ya basi, naye mama mwenye mtoto mgonjwa huyafunga nyumbani ili mwanawe asipigwe na baridi ya alfajiri.

Ni kitendo cha busara mintarafu ya vumbi. Hata hivyo, mintarafu ya virusi vinavyosafiri hewani, huenda hicho ndicho kitendo kinachomfanya mgonjwa mmoja kuzaa wagonjwa kumi.

Mtu anapopumua, kuzungumza, kuimba au kukohoa, hutoa vitone vya majimaji vya ukubwa mbalimbali. Vile vikubwa huanguka chini upesi. Vile vidogo mno hukauka, vikawa vyepesi na kuelea hewani. Iwapo mtu huyo ameambukizwa, baadhi ya chembe hizo huwa zimebeba virusi.

Mfano wa ubani hulieleza jambo hili vyema. Ukifukizwa uani, harufu yake hutawanywa na upepo na aliye mbali haisikii. Ukifukizwa katika chumba kilichofungwa, harufu hudumu hata baada ya chetezo kuondolewa.

Hakuna maradhi yanayodhihirisha hayo zaidi ya ukambi, ambao pia huitwa surua. Virusi vyake vyaweza kudumu hewani hadi muda wa saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Miongoni mwa watu wasio na kinga, mgonjwa mmoja hukadiriwa kuambukiza kati ya watu 12 na 18.

Mnamo 1974, mwanafunzi mmoja katika jimbo la New York, Marekani, aliwaambukiza ukambi wenzake 28 waliokuwa katika madarasa 14 tofauti. Uchunguzi ulielekeza lawama kwa mitambo ya shule hiyo iliyokuwa ikiirejesha hewa ile ile madarasani.

Kisa cha kwanza cha Covid-19 kilipotangazwa nchini Kenya mnamo Machi 13, 2020, wananchi walihimizwa zaidi kunawa mikono na kutokaribiana. Suala la hewa lilichelewa kupewa uzito. Julai mwaka huo, wanasayansi 239 waliandika barua ya pamoja wakitaka maambukizi ya hewani yatambuliwe.

Ushahidi ulikuwa umeanza kujitokeza. Katika jimbo la Washington, Marekani, wanakwaya 61 walifanya mazoezi kwa saa mbili na nusu mwezi Machi 2020, mmoja wao akiwa mgonjwa. Wenzake 52 walithibitishwa au kushukiwa kuambukizwa, na watu wawili wakaaga dunia.

Je, jua kali la Isiolo si kinga? Ni kinga, ila nje tu. Miale ya jua huviangamiza virusi vingi upesi, nao upepo huvitawanya. Ndani ya nyumba, miale hiyo haifiki ipasavyo. Isitoshe, hewa kavu hufanya vitone vikauke haraka na kuelea kwa muda mrefu, huku ikikausha utando wa pua na koo ambao ni ngome ya kwanza ya mwili.

Mazingira ya Isiolo yanalipa suala hili uzito wa aina yake. Mji huo ni lango la kaskazini mwa Kenya, na barabara inayotoka humo hadi Moyale ni ya takriban kilomita 500. Abiria huketi pamoja kwa saa nyingi wakivuta hewa moja. Aidha, ukame unapokithiri, familia za wafugaji hulazimika kusongamana penye maji na chakula cha msaada. Mtoto aliyedhoofishwa na njaa akipatwa na ukambi, hatari ya kupofuka au kufa huongezeka.

Kasi ya kubadilishwa kwa hewa ndiyo inayoamua mengi. Chumba ambacho hewa yake hubadilishwa mara mbili kwa saa huhitaji takriban dakika 138 ili asilimia 99 ya chembe zinazoelea ziondoke. Ikibadilishwa mara 12, dakika 23 zatosha.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mabadiliko hayo hayahitaji mitambo ghali. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Lima, Peru, na kuchapishwa mnamo 2007 ulibaini kuwa kufungua milango na madirisha kulibadilisha hewa mara 28 kwa saa, ilhali vyumba vya mitambo vilikadiriwa mara 12. Majengo ya kale yenye dari ndefu na madirisha mapana yalitia fora kwa mara 40.

Kwa mwalimu, hiyo ina maana ya kufungua madirisha ya pande zote mbili ili hewa ipenye. Vumbi likizidi, afungue ya upande usioelekea upepo, kisha ayafungue yote wanafunzi wanapotoka mapumzikoni. Kivuli cha mti nacho ni darasa lisilopaswa kudharauliwa. Ndani ya basi, madirisha kadhaa yakiachwa wazi kidogo, mbele na nyuma, hewa husafiri. Katika zahanati, wanaokohoa wangojee barazani, wala si ndani. Feni ndani ya chumba kilichofungwa hukoroga tu hewa ile ile chafu.

Hata hivyo, dirisha si mbadala wa chanjo. Nchini Kenya, mtoto hupewa chanjo ya ukambi akiwa na umri wa miezi tisa, na ya pili akiwa na miezi 18. Aliyekosa moja ya hizo bado hajakingwa kikamilifu, hata akilala katika nyumba yenye madirisha kumi.

Vumbi lililoingia darasani hufutwa kwa kitambaa kabla ya somo kuanza. Virusi vilivyofungiwa humo haviwezi kufutwa hivyo. Huondoka pale tu vinapofunguliwa njia.