Baridi na Ukuaji wa Fuwele za Protini

Mnamo mwaka wa 1926, katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, James Sumner alichanganya unga wa maharagwe na maji yenye asetoni, akauacha mchujo wake kwenye baridi usiku kucha. Kulipopambazuka, fuwele za yurease zilikuwa zimejitunga. Dai lake kwamba kimeng'enya ni protini lilibezwa kwa miaka mingi. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka wa 1946.

Halijoto ishukapo, umumunyifu wa protini aghalabu hupungua, na molekuli zilizozidi hujipanga safu kwa safu. Ubaridi wa ghafla huzaa vijifuwele tele, au mashapo yasiyo na umbo. Wa polepole hukuza fuwele chache, kubwa. Ajabu ni kwamba baadhi ya protini humumunyika zaidi kwenye baridi, hivyo fuwele zake huhitaji kupashwa joto kidogo.