Lengalenga: Tukate, Tusing'oe



Mwezi huu tunaongea juu ya lengalenga, ile ambayo wenyeji wetu wa Tanzania wanaita mchicha. Jioni mama anamtuma mtoto kuleta mboga. Mtoto anashika shina, anavuta, mzizi unatoka na udongo wake. Sufuria inajaa siku hiyo, lakini tuta linabaki tupu kwa wiki tatu ama nne mpaka nyingine ikomae. Hapo katikati familia inakula maharage peke yake, ama inauza unga wa mgao ili ipate mboga sokoni. Kuuza unga kwa sababu ya lengalenga! Sisi walimu tunaona hiyo ni hasara, maana mtoto ndiye anayelala na njaa.

Kung'oa si kubaya siku zote. Miche ikisongamana, ng'oa ile ya katikati, mule. Inayobaki iachane kama sentimita 15 hadi 20.

Ikifika kama sentimita 30, chukua kisu kikali na kisafi. Kata juu, acha shina la sentimita 15 hivi lenye majani mawili ama matatu. Tazama vizuri pale jani linaposhikana na shina: kuna kijicho kidogo. Kila kijicho kinatoa tawi, kwa hiyo shina moja linakuwa matawi mawili, matatu. Baada ya wiki mbili hivi unakata tena, na tena, ikipata maji na samadi iliyooza. Maji uliyooshea mboga yanafaa, usiyamwage njiani. Maua yakianza, yavunje upesi, sababu mmea ukishika mbegu unaacha kutoa majani laini.

Na sombe? Chuma majani machanga ya juu, lakini usiuache mti uchi, mihogo itakuwa myembamba kama vidole. Kuitwanga na kuichemsha sana mnajua wenyewe, ile mbichi ina sumu.

Tena acheni mimea miwili yenye nguvu itoe maua hadi ikauke. Pukuta mbegu juu ya kitambaa. Ni ndogo sana, basi wakati wa kupanda zichanganye na mchanga mkavu, zisianguke zote mahali pamoja.