Mafuta yanayozunguka moyo

Kwetu mutu akinenepa tunamusifu. Tunasema: huyu anakula vizuri, bibi yake anamutunza, kazi inamulipa. Kijana anaingia kazi ya mine, kisha mwaka moja tumbo linatoka, na mama yake anafurahi mbele ya majirani. Sikatai furaha ile. Lakini pamoja na mafuta ya tumbo kuna mengine ambayo bibi na majirani hawayaoni.

Mumekwisha kuona mbuzi akichinjwa. Mutu akifungua kifua anakuta moyo, na juu yake kuna mafuta. Sisi vilevile tunayo. Yanakaa ndani ya kifuko kinachofunga moyo, yamegusana na nyama ya moyo yenyewe, hakuna ukuta katikati. Na mishipa ile inayolisha moyo damu, ambayo waganga wanaiita koroneri, inapita humo ndani ya mafuta.

Mungu hakuyaweka bure. Yanakinga mishipa, na ni akiba ya chakula kwa moyo, unaopiga karibu mara 100.000 kwa siku moja bila kupumuzika. (Biblia inaposema juu ya moyo wenye mafuta, ule ni mufano wa mutu asiyesikia. Hapa sisemi mufano, nasema nyama na damu. Usimuhukumu mugonjwa.)

Shida inaanza wakati mafuta haya yanapozidi. Yakiongezeka sana yanakuwa sawa mutu mwenye hasira: yanatoa vitu vinavyochoma na kuvimbisha. Na kwa sababu hakuna ukuta, vitu hivyo vinaweza kufika katika musipa ulio karibu. Musipa ukivimba ndani, kolesteroli inashikamana, njia ya damu inakuwa nyembamba. Siku moja ule uchafu unapasuka, damu inaganda pale, njia inafungwa. Ndiyo krizi ya moyo.

Waganga wamejuaje? Mwaka 2003 walitangaza kazi waliyofanya kwa wagonjwa 42 waliopasuliwa moyo juu ya mishipa iliyoziba. Walichukua mafuta kidogo ya moyo na mafuta kidogo ya muguu wa mugonjwa yuleyule, wakalinganisha. Yale ya moyo yalikuwa na vitu vya kuvimbisha kuliko yale ya muguu, hata kwa mutu asiye munene. Tena kuna watu ambao kipande cha musipa wao kinaingia ndani ya nyama ya moyo, hakipiti katika mafuta. Mara nyingi kipande kile kinabaki safi, hata kama pale kabla ya kuingia uchafu umejaa. Wengine wanasema ni nyama inayokisaidia kwa kukikaza, na pengine wana haki. Mazungumuzo hayajaisha. Kwa hiyo musiende kusema pasta ameandika kwamba mafuta ya moyo peke yake ndiyo yanaua. Tumbaku, tansio na ugonjwa wa sukari viko palepale.

Mama wengi wanafikiri mafuta ya mawese yanatoka katika sahani na kwenda moja kwa moja kukaa juu ya moyo. Sivyo. Mwili unageuza kuwa mafuta kila kitu kinachozidi: bukari ya mulima, sukari, pombe, soda za kila siku. Aliyekuwa anasukuma wagoni zamani alikuwa anaunguza chakula chake. Anayekaa siku nzima katika mashini anakula sahani ileile, lakini hakiunguzi.

Mafuta ya moyo yanapimwa kwa ekografi ao kwa skaneri, na wengi wetu hatuna njia ya kulipa. Lakini mara nyingi yanaongezeka pamoja na yale ya ndani ya tumbo, na tumbo unaweza kulipima kwa kamba. Vijana, fanyeni hivi kwa baba na mama leo mangaribi: kata kamba yenye urefu wa mutu toka kisigino mupaka kichwa. Uikunje mara mbili. Uizungushe kiuno, karibu na kitovu. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi. Habari njema ni kwamba mutu akipunguza uzito na kutembea kwa nguvu siku nyingi za juma, mafuta ya moyo nayo yanapungua.

Neno la mwisho ni kwa wenye maumivu. Kifua kinabana wakati unapanda mulima ao unasukuma kinga ya makala, kisha kinaachia unapopumuzika? Usiseme ni upepo, usitafute nani amekuroga. Enda hopitali wiki hii. Na kama kubana hakuachii hata umekaa, kunaingia katika mukono wa kushoto ao katika taya, na jasho la baridi linatoka, hata ikiwa usiku wa manane, jamaa wakubebe saa ileile.