Lisemwalo Lipo: Wanaobashiri Magari ya Vipande Kabla Hayajafika Madukani

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Iko jamii ya watu, wakubwa kwa wadogo, ambayo imeifanya methali hiyo kuwa msingi wa starehe yake. Hao ni wapenzi wa magari ya kuunganisha yatengenezwayo na kampuni ya LEGO ya Denmark. Kila mwaka, miezi mingi kabla ya seti mpya kuwekwa madukani, watu hawa huhesabu, hulinganisha na kubishana: safari ijayo litatoka gari gani? Litakuwa na vipande vingapi? Litauzwa kwa bei gani?

Kwa mtazamo wa juu juu, huu waweza kuonekana kuwa mchezo wa watu waliokosa kazi. Sisi tunauona kwa jicho jingine. Mwenye kuufuatilia kwa makini hujifunza kutenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya kila siku, si katika vichezeo tu: dhana iliyojengwa juu ya hoja, matamanio yaliyovikwa joho la habari, na siri iliyotolewa pasipo idhini ya mwenyewe. Aidha, nyuma ya tetesi hizi ipo fedha ya familia na yapo matumaini ya mtoto. Hayo si mambo ya kupuuza.

Kutoka karakana ya seremala

Kampuni hii ilianzishwa mwaka 1932 katika mji mdogo wa Billund na seremala aitwaye Ole Kirk Christiansen, ambaye alianza kwa kuchonga vichezeo vya mbao. Jina LEGO limetokana na maneno mawili ya Kidenmarki yenye maana ya "cheza vizuri". Tofali la plastiki kama tunavyolijua leo liliombewa hatimiliki tarehe 28 Januari 1958, na kipande kilichotengenezwa mwaka huo bado hushikana barabara na kipande cha leo. Uaminifu huo wa kipimo ndio siri ya mchezo wote. Matofali sita tu ya rangi moja, kila moja likiwa na vichwa vinane, yanaweza kuunganishwa kwa namna zaidi ya milioni 915.

Magurudumu yaliingia sokoni mwaka 1962, na tangu hapo magari yakawa sehemu kubwa ya kazi ya kampuni hii. Katika mwaka 2011 pekee ilitengeneza matairi milioni 381, ikahesabiwa kuwa mtengenezaji wa matairi mengi kuliko wote duniani kwa idadi, ingawa tairi lenyewe hutosha katika kiganja. Mwaka 1977 ikaanzisha aina ya seti ambazo baadaye zilipewa jina la Technic. Katika seti hizi gari si sanamu ya kutazamwa tu. Ukizungusha usukani, matairi hugeuka. Ukilisukuma, difu huzunguka na pistoni za injini hupanda na kushuka. Mtoto aliyeliunda kwa mikono yake huwa ameelewa jambo ambalo watu wazima wengi hupanda magari maisha yao yote bila kulijua.

Hesabu za wabashiri

Je, mtu aliye mbali na Billund hukisiaje kitakachotoka? Hoja ya kwanza ni namba. Kila seti hupewa namba yake, na tangu mwaka 2013 namba za Technic zimekuwa na tarakimu tano zinazoanza na 42. Wabashiri huziandika namba zilizokwisha kujulikana kwa mfuatano. Wakikuta namba imerukwa katikati, huihesabu kama kiti kilichowekwa akiba: yupo mgeni anayetarajiwa, ila jina lake halijatajwa.

Hoja ya pili ni mazoea ya kalenda. Mwaka 2016 ilitoka Porsche 911 GT3 RS yenye vipande 2,704. Mwaka 2018 ikafuata Bugatti Chiron yenye vipande 3,599. Mwaka huohuo kampuni ikaunda Bugatti nyingine kwa ukubwa wa gari halisi, kwa vipande zaidi ya milioni moja na mota ndogo 2,304, nayo ikaendeshwa. Mwaka 2020 ilikuja Lamborghini Sián yenye vipande 3,696. Mwaka 2022 Ferrari Daytona SP3 yenye vipande 3,778. Na mwaka 2024 McLaren P1 yenye vipande 3,893.

Tazama, msomaji, jinsi mfululizo huo unavyozungumza wenyewe. Miaka yote ni shufwa. Hakuna hata mmoja wa witiri. Baada ya ule mruko wa kwanza wa vipande 895, kila gari limezidi lililolitangulia kwa vipande 97, kisha 82, kisha 115. Basi mbashiri anaposema kwamba kila mwaka wa shufwa ni mwaka wa gari kubwa, na kwamba litakuwa na vipande vinavyokaribia elfu nne, hajapiga ramli. Amesoma nyayo, naye anaweza kuyaweka mezani mahesabu yake ili mwingine ayakague.

Hoja ya tatu ni mikataba. LEGO haiwezi kuweka nembo ya kampuni ya magari juu ya kichezeo bila makubaliano, na makubaliano hayo kwa kawaida hayaishii kwenye seti moja. Mercedes-Benz ilianza na lori la Unimog mwaka 2011, ikafuata Arocs mwaka 2015, kisha Zetros mwaka 2021. Liebherr, watengenezaji wa mitambo mizito, waliingia mwaka 2019 kwa mtambo wa kuchimbia, ule ambao mafundi wetu huuita kijiko, wenye vipande 4,108 na mota saba. Mwaka 2023 wakarudi kwa winchi kubwa ya kunyanyulia mizigo. Kwa hiyo mbashiri makini haulizi tu ni gari gani analolipenda, bali huuliza ni nani aliyekwisha kukaa meza moja na kampuni.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Mtu hulipenda gari fulani, akatamani litoke. Rafiki yake akayasikia matamanio hayo, akayapeleka mbele kama uwezekano. Wa tatu akayatangaza kuwa ni habari ya uhakika. Neno limepita vinywa vitatu na hakuna aliyekusudia kusema uongo. Wapenzi wenye uzoefu wana dawa ya maradhi haya: humuuliza msemaji, "Umeijuaje?" Akikosa jibu, neno lake huwekwa kwenye fungu la matamanio, wala hakasirikiwi.

Kichezeo kilichofichua gari

Yapo pia yasiyo dhana wala matamanio, bali ni siri iliyovuja. Mfano mashuhuri ni wa mwaka 2019. Kampuni ya Land Rover ilikuwa ikiliandaa gari jipya la Defender, na umbo lake lilifichwa hadi lilipozinduliwa mwezi Septemba katika maonesho ya Frankfurt. Lakini miezi kadhaa kabla ya hapo picha za seti ya LEGO ya gari hilohilo zilikwisha kuzagaa, na wapenzi wa magari duniani wakaanza kulisoma umbo la gari halisi kupitia kichezeo chake. Mlango mkuu ulilindwa kwa makufuli, siri ikatokea dirishani.

Wapo waliofurahi siku ile. Hata hivyo, tuwafikirie na wale walioumia: wabunifu waliotumia muda mrefu kuiandaa siku ya uzinduzi, na kampuni mbili zilizoaminiana. Ndiyo maana vyombo vya habari vya wapenzi vinavyotambuliwa rasmi na LEGO hutakiwa kutochapisha picha za siri. Kukisia kwa akili yako ni halali yako, kwa kuwa umetumia mali yako mwenyewe. Kuisambaza siri ya mwenzako ni kutumia mali isiyo yako, hata kama habari yenyewe ni ya kweli. Ukweli wa neno hauondoi swali la namna lilivyopatikana.

Ahadi iliyofutwa

Mwaka uliofuata ulileta somo zito zaidi. LEGO ilikwisha kuiandaa na kuitangaza seti ya Bell Boeing V-22 Osprey, chombo cha anga kinachopaa wima kama helikopta na kusafiri kama ndege. Ilipangwa kuanza kuuzwa tarehe 1 Agosti 2020. Kwa mbashiri, mambo yalikuwa yamekwisha: namba ipo, picha ipo, tarehe ipo.

Nchini Ujerumani jumuiya moja kongwe ya watetezi wa amani ilipinga. Hoja yao ilikuwa kwamba chombo hicho ni cha kijeshi, ilhali kampuni yenyewe kwa miaka mingi imekuwa na msimamo wa kutotengeneza vichezeo vya zana halisi za kijeshi. Kampuni ilieleza kuwa seti ilikusudiwa kuonesha kazi ya uokoaji, lakini ikakiri kwamba chombo chenyewe hutumiwa na majeshi tu. Mwezi Julai, siku chache kabla ya mauzo, ikaisitisha. Maboksi machache yalikuwa yamekwisha kuuzwa, nayo yakageuka kuwa bidhaa adimu zinazogombewa kwa bei ya juu.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba hata lililotangazwa si lililopatikana, sembuse lililovumishwa. La pili ni kubwa kuliko la kwanza. Wapenzi wengi walikuwa wakiuliza, "Kitatoka lini?" Watu wachache wakauliza, "Je, kinafaa kutoka?" Swali la pili ndilo lililobadilisha matokeo. Mzazi anayo haki ya kuliuliza swali hilo mbele ya kila kichezeo, hata kama watoto wote wa mtaani wanacho.

Mlango ulio wazi

Asiyependa kungoja wengine waamue, anayo njia nyingine. LEGO imeweka utaratibu uitwao LEGO Ideas, ambao chimbuko lake lilikuwa Japani mwaka 2008. Mtu wa kawaida hubuni kitu kwa vipande, akakionesha, na kikiungwa mkono na watu 10,000, kampuni hukichunguza ili iamue kama kitafaa kuuzwa. Kwa njia hii gari dogo la mashindano la Caterham Seven, lililobuniwa na mpenzi wa vipande, lilifika madukani mwaka 2016 likiwa na vipande 771. Mwenye wazo lililokubaliwa hupata asilimia 1 ya mauzo halisi. Kwa hiyo yupo mtu ambaye hakuishia kubashiri kitakachotoka, akaketi akakiunda, na kikatoka.

Neno kwa wazazi

Magari haya makubwa si vitu vya bei rahisi. Ile Porsche ya mwaka 2016 ilianza kuuzwa Marekani kwa takriban dola 300. McLaren ya mwaka 2024 kwa takriban dola 450. Isitoshe, tangu Lamborghini ya mwaka 2020, maboksi ya magari hayo yameandikwa kuwa ni ya umri wa miaka 18 na kuendelea. Mtoto anayelilia gari la namna hiyo kwa kuwa amesikia tetesi zake, analilia kitu ambacho huenda hakijatengenezwa, na ambacho hata kikitengenezwa hakikukusudiwa umri wake.

Basi tunashauri mambo matatu. Kwanza, mzazi asimwahidi mtoto kilicho katika tetesi. Ahadi ya mzazi ni deni, na haifai mtu kujitwika deni la kitu kilicho mikononi mwa kampuni ya mbali. Pili, fedha ya akiba isitolewe kwa mtu anayedai kuuza kitu ambacho mwenyewe kiwandani hajakitangaza. Huko ni kumnunua mbuzi ndani ya gunia. Tatu, mtoto asikatazwe kubashiri. Apewe karatasi, aandike anachokisia na sababu zake: namba, mwaka, mkataba. Siku seti itakapotangazwa, karatasi ifunguliwe na isomwe pamoja naye. Akiwa amepatia, aulizwe ni hoja gani iliyomfikisha. Akiwa amekosa, atafute mwenyewe ni wapi alipoyachanganya matamanio na ushahidi.

Zoezi hilo halihitaji kununua hata kipande kimoja. Mtoto aliyelizoea leo katika habari za magari ya vipande, kesho atalitumia atakapoletewa habari ya jirani, ya biashara au ya kiongozi. Kabla ya kuamini na kabla ya kuipeleka mbele, atamuuliza mleta habari swali lile dogo: umeijuaje?